Ligi Ilipohamia Ng'ambo

Ukivuka Daraja la Juba kuingia Gumbo, ukawapita mafundi wa pancha, kabla hujafika ukuta wa Chuo cha Nuru utaliona benchi la mbao lililopigiliwa juu ya vyuma viwili vya lori lililokufa zamani. Mbele yake Achai ana jiko la makaa, sinia la vikombe, na jebena yake, birika nyeusi ya udongo ya kahawa, ambayo haruhusu mkono wa mtu mwingine kuigusa. Malori ya barabara ya Nimule hupita karibu kabisa na magoti ya wanywaji, kwa hiyo maongezi ya pale huenda kwa kukatika: mtu husema nusu ya neno, lori hupita, na nusu ya pili hutoka ikiwa imeongezwa chumvi. Ijumaa hiyo, saa nane mchana, Phineas alifika na bahasha mbili za kaki kwapani, akaketi bila kumsalimu mtu.

— Angalia vile Kocha iko nakaa, alisema Semei. Kama mtu ametoka kuzika.

— Wachana naye, alisema Achai. Anywe kwanza.

Alimmiminia. Kahawa ya Achai ilikuwa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi, na Phineas alishukuru kuwa na kisingizio.

Kwa kweli hakuwa ametoka kuzika, ila alikuwa ametoka ofisini kwa Madam Jedidah, mkuu wa Chuo cha Nuru, Mkenya mwenzake ambaye hupima maneno kama mpishi apimaye chumvi. Phineas alifundisha jiografia pale, na kwa miaka kumi na moja amekuwa kocha wa wasichana wa mpira wa kikapu. Madam alikuwa amesukuma bahasha zote mbili upande wake wa meza. "Wewe ndiye unayeijua timu," alimwambia. "Amua. Nitatia sahihi chochote utakacholeta, lakini kiwe hapa kabla ya saa kumi."

Semei alikuwa amekwisha kuichungulia bahasha ya juu. Huyu ni Mganda wa Masaka, muuza vipuri vya bodaboda, na watu wa benchi humwita Spea. Anaamini kwamba duniani hakuna kitu kibovu, kuna kitu ambacho hakijabadilishwa kipande.

— Hii ndiyo ya kufukuza nyinyi?

— Hatujafukuzwa, alisema Phineas. Ligi imehama. Sisi tumebaki.

— Mtu akihama na vyombo vyote akakuacha kwa nyumba, wewe utaita hiyo nini?

Ligi ya Vyuo ilikuwa na vyuo sita, vitano vya ng'ambo ya mto na kimoja cha Gumbo. Wiki mbili zilizopita, wale watano walikutana hotelini, wakala, wakapiga picha, wakaanzisha Ligi ya Dhahabu. Kampuni moja ya maji ya chupa ingeidhamini na televisheni ingeonyesha mechi. Sharti lilikuwa moja tu: kila chuo kiwe na uwanja wenye paa. Uwanja wa Nuru ulikuwa saruji chini na Mungu juu. Tena goli la upande wa barabara lilikuwa limeinamisha shingo tangu lori lilipougonga ukuta, na timu za wageni zililalamika kwamba wenyeji wanaijua siri yake.

— Paa! alisema mzee Lagu, akicheka kwa pua. Ya akhi, nyinyi mmesoma, lakini mnaamini kila kilichoandikwa.

Lagu walimwita Balozi. Miaka mingi iliyopita aliendesha gari la ubalozi fulani kwa miezi minane, na tangu hapo amekuwa akijua siri za serikali zote. Alikulia ukimbizini Uganda, akafanya kazi Kenya, akarudi nyumbani na lugha nne na kiti kimoja, ambacho ni pembe ya benchi hili.

— Haya Balozi, alisema Achai. Kama si paa, ni nini?

— Ni maji. Anayedhamini anauza nini? Maji ya chupa. Watu wa Gumbo wanakunywa nini? Maji ya boza, yale ya lori la tangi. Watazamaji wa Nuru wakija uwanjani, kila mmoja ana kidumu chake. Atamuuzia nani? Kalas, basi. Wametutoa kwa sababu hatununui kiu.

Semei alitikisa kichwa.

— Hapana, mzee. Sababu ni hii daraja. Gari ya televisheni iko na ile sahani kubwa juu. Ikisimama kwa foleni ya daraja masaa mbili, mechi imekwisha, wao bado naonyesha matako ya lori. Hiyo watu wanaogopa kuonyesha matako ya lori.

— Na mimi ninakwambia hata hiyo ya maji ni juu juu. Fikiria. Kwanza wanatutoa kwenye ligi. Mwaka ujao wanatutoa kwenye ratiba ya umeme. Mwaka wa tatu utasikia Gumbo si Juba tena, ni kituo cha njiani. Nilipokuwa ubalozini...

— Ile miezi minane, alisema Achai.

— Nilipokuwa ubalozini niliona kwa macho yangu jinsi mambo makubwa yanavyoanza na vitu vya michezo.

Lori la saruji likapita. Vumbi lilipotua, Semei alikuwa amepata mpya.

— Mzee, mimi iko na ingine. Ni urefu ya Nyaruot.

Wote wakanyamaza kidogo, maana Nyaruot alistahili kunyamaziwa. Alikuwa kapteni wa Nuru, msichana ambaye akinyoosha mkono ndani ya darasa anagusa taa. Mwaka uliopita aliwafunga wale wa Sayuni, chuo cha mtaa wa Malakia ng'ambo ya mto, pointi thelathini na moja peke yake, akiwa na malaria.

— Hiyo paa nabuni kwa sababu yake, alisema Semei. Wanajenga paa chini-chini. Nyaruot akiruka, nagonga kichwa.

Hata Phineas alicheka, na kicheko kikamchoma, kwa sababu jina la Sayuni lilikuwa limetajwa. Mengine yote angeyastahimili. Vyuo vingine vinne vilikuwa vyuo tu. Lakini kocha wa Sayuni alikuwa Edrine, na Edrine na Phineas walifika Juba mwaka mmoja, mmoja kutoka Mukono na mwingine kutoka Chuka. Walipanga chumba kimoja Gurei kwa miaka miwili, wakapika maharage kwenye sufuria moja. Walitengana kwa sababu Edrine alikoroma na Phineas alilala na redio. Tangu hapo, kila mwaka Nuru na Sayuni zilifunga msimu kwa kuchezana, mwaka mmoja Malakia, mwaka unaofuata Gumbo, na mshindi hakuacha kumpigia mwenzake simu asubuhi kumuuliza kama amelala salama.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Gumbo. Mechi ilipangwa iwe kesho, Jumamosi. Edrine alikuwa kwenye ile picha ya hotelini, safu ya pili, amenyoosha mkono pamoja na wengine. Phineas alimpigia simu kwa siku kumi na mbili. Iliita mpaka ikachoka.

— Na hii bahasha ya pili? aliuliza Achai. Hii haina mhuri wa huku.

— Imetoka Uganda, alisema Phineas. Kuna ligi ya vyuo vya kule kaskazini. Gulu, Arua, Adjumani. Wanaiita Ligi ya Mpakani. Wamesikia tumeachwa, wanatukaribisha. Wanataka jibu leo kabla ya saa kumi, maana kesho wanachora ratiba.

— Si hiyo ndiyo dawa! alisema Semei. Kipande imeharibika, unaweka ingine. Kwisha.

— Arua, Spea. Arua. Tunacheza mechi moja, tunapoteza siku tatu za masomo.

— Kataa basi, alisema Achai.

Phineas alizungusha kikombe mkononi. Kukataa nako hakukuwa rahisi. Kuna shirika moja la kanisa lililowalipia karo wasichana wanne wa timu yake, na barua yao ilisema wazi kwamba basari ni ya mchezaji aliye kwenye ligi inayotambulika. Mmoja wa wanne hao alikuwa Nyaruot, ambaye alibakiza mwaka mmoja kuwa mwalimu wa hesabu. Bila ligi hakuna basari, na bila basari angerudi nyumbani kwa shangazi yake kuuza mkaa.

Aliwaeleza hivyo. Benchi likatulia, kwa namna ambayo benchi lile hutulia, yaani mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiongea.

— Mimi ningekubali, alisema Lagu, lakini kwa macho mawili. Hao wa kule wanataka nini? Wanataka warefu. Mtaenda na wasichana kumi na wawili, mtarudi na saba. Mmoja atapewa chuo, mmoja atapewa mume, mmoja atapewa jezi ya taifa. Mpaka kocha atapewa mke, arudi hapa akiongea Kilugbara.

— Kocha apewe mke, ni vibaya? alisema Achai. Si angalau ataacha kukunja uso.

— Lakini kabla ya hayo yote, Lagu aliendelea akiinua kidole, kuna kuvuka mpaka pale Elegu. Kocha, nikuulize. Wasichana wako wana jinsia?

Phineas alimtazama.

— Balozi, ni timu ya wasichana. Jinsia yao si inajulikana?

Achai alicheka mpaka akaweka jebena chini. Semei alipiga paja. Lagu peke yake hakuona la kuchekesha.

— Kocha jamani, alisema Achai akijifuta macho, miaka yote hii Juba! Jinsiya ni karatasi ya uraia. Ile ya kwenda kuchukua na shahidi wa ukoo. Mimi nilisomea Kakuma, nikarudi hapa, nimeisaka mwaka mzima.

— Bila hiyo, mafi pasipoti, hakuna, alisema Lagu. Na bila pasipoti, mafi Arua.

Kicheko chao hakikumfikia Phineas. Alijua urefu wa kila mchezaji wake, mguu anaopenda kurukia, na anayelia akikosa mtupo wa bure. Hakujua ni nani kati yao ana karatasi. Katika wiki hizi mbili za kujihurumia hakuwa amewauliza lolote. Kusema kweli, hakuwa amewaambia lolote pia. Alitazama saa yake. Ilikuwa imebaki saa moja na robo.

— Huenda wote wanazo, alisema, bila kuamini.

— Huenda, alisema Lagu, naye hakuamini.

Hapo ndipo walipomwona Nyaruot akitoka kwenye lango la chuo. Alikuwa na mpira kwapani na taulo shingoni, na nyuma yake wasichana wawili waliomfikia mabegani. Walikuwa wamelowa jasho. Wiki nzima walikuwa wakijifua kwenye jua la mchana, na Phineas, akiwa dirishani mwa chumba cha walimu, aliwaona kila siku na kila siku akasema atawaambia kesho.

— Habari zenu wazee. Mama Achai, salaam. Kocha, tulikuwa tunakutafuta.

— Nzuri, alisema Phineas. Kaeni.

— Hatukai, tutapoa mwili. Nyaruot aliudundisha mpira mara moja, akaudaka. Kocha, kesho tunacheza na nani?

Lilikuwa swali dogo kama hilo. Semei aliangalia kikombe chake. Achai akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yakiwaka vizuri tu. Lagu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameipanga upya ramani ya nchi nzima, aligundua uzi umechomoka kwenye mkono wa shati lake.

— Tumeambiwa mechi ya Sayuni imefutwa, alisema Nyaruot. Wengine wanasema haijafutwa. Wasichana wamesuka nywele. Mama yake huyu Gune nyuma yangu amepika. Sisi tunataka kujua tu.

Phineas alisimama, kwa sababu aliona ni aibu kusema maneno yale amekaa.

— Imefutwa, alisema. Sayuni wamehamia ligi nyingine. Wote wamehama. Nilijua wiki mbili zilizopita, nikakaa nayo. Nisameheni.

Wale wawili wa nyuma waliangaliana.

— Wiki mbili, Kocha?

— Wiki mbili.

— Na wao wasichana wa Sayuni, wanajua?

— Sijui. Kocha wao hashiki simu yangu.

Nyaruot aliingiza mkono kwenye soksi, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akampa.

— Hii namba haijui.

Phineas aliipokea. Vidole vyake vilibonyeza namba ile bila kuhitaji kuitafuta. Iliita mara mbili. Achai aliinamisha kichwa apate kusikia. Semei hakujisumbua kujifanya, alisogea kabisa.

— Halo? Nani?

— Phineas.

Lori likapita Gumbo, na kwa mbali, simuni, boda ikapiga honi Malakia.

— Phineas, alisema Edrine mwishowe. Mimi naogopa hii simu yako siku nyingi.

— Nimeona.

— Nilinyoosha mkono. Sitakudanganya eti mkuu alinilazimisha. Alisema tutapata paa na televisheni, nikaona timu yangu kwa televisheni, nikanyoosha. Halafu nikarudi nyumbani, nikajiuliza nitakuambia nini.

— Ungeniambia hivyo hivyo ulivyosema sasa.

— Ndiyo. Sasa naona.

Phineas alitaka kuendelea kukasirika. Hasira aliyokuwa ameitunza siku kumi na mbili ilikuwa na hotuba yake kamili, ina mwanzo na mwisho. Lakini mbele yake msichana mrefu alikuwa amesimama akingoja simu yake, na hotuba ile haikuwa na jibu la swali lake.

— Wasichana wangu wananiuliza kesho wanacheza na nani, alisema.

Edrine alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa.

— Wangu wameniuliza asubuhi. Kapteni wangu amekataa kula. Phineas, hii barua ya Dhahabu inasema mwanachama hatacheza mechi na timu isiyo mwanachama. Nimeisoma mpaka macho yanauma. Karatasi zikasikika zikifunuliwa. Mechi ya ligi, mechi ya kirafiki, mechi ya kombe, zote wamekataza. Ngoja. Ngoja kidogo.

Benchi zima likangoja.

— Mazoezi hawakuandika, alisema Edrine.

— Soma tena.

— Nimesoma. Hakuna neno mazoezi hapa.

— Basi lete wasichana wako kesho saa tisa wafanye mazoezi, alisema Phineas. Wangu pia watakuwa wanafanya mazoezi. Uwanja ni mpana.

Wale wasichana wawili walipiga kelele mpaka dereva mmoja akakanyaga breki. Nyaruot alichukua simu yake, akairudisha kwenye soksi, na tabasamu alilolizuia lilimtoka kando ya mdomo.

— Ngoja, Phineas alimwambia, kabla hajaondoka. Kuna jambo lingine. Nikuulize, na uniambie ukweli. Una jinsiya?

Tabasamu likarudi ndani.

— Sina, Kocha. Baba alifariki kabla hajaniandikisha. Shahidi ni mjomba, na mjomba yuko Bentiu, mbali huko. Nimeenda ofisini mara tatu, wananiambia nirudi naye. Kwa nini?

Alimweleza kuhusu Ligi ya Mpakani na kuhusu basari, yote, na safari hii hakubakiza kitu. Nyaruot alisikiliza akiuzungusha mpira mikononi.

— Kwa hiyo ligi ikikubaliwa mimi sivuki, alisema. Na ikikataliwa mimi sisomi.

— Ndivyo ilivyo sasa.

— Mimi nilisema, alianza Lagu, pale mpakani...

— Balozi, nyamaza kidogo, alisema Achai. Mtu anafikiri.

Phineas alikuwa amekaa tena, bahasha ikiwa gotini. Alikuwa amefundisha ramani ya barabara ile kwa miaka kumi na moja, akiwachorea wanafunzi ubaoni: Juba juu, mto, kisha barabara inateremka mpaka Nimule, na baada ya Nimule tu ndipo mstari wa mpaka. Alichora kwa kidole juu ya bahasha. Ghafla akaomba kalamu.

— Spea, kutoka Adjumani mpaka hapa Gumbo ni mbali?

— Mbali sana! Mimi naletea vipuri huko. Siku nzima inakwisha.

— Na kutoka Adjumani mpaka Nimule?

— Aa, Nimule? Ni hapo tu. Unavuka, umefika.

— Hivyo tukiwaambia mechi zetu za nyumbani ni Gumbo, watanuna. Tukiwaambia mechi zetu zote zichezwe Nimule, upande wetu wa mpaka, wao wanavuka kidogo, sisi hatuvuki kabisa. Timu zikutane huko wikendi mbili, tatu, tumalize zote. Hakuna siku tatu za masomo, na hakuna karatasi ya kuulizwa.

Semei alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

— Hiyo iko kama kuondoa injini, kuweka nje ya pikipiki, alisema, na bado inatembea.

— Watakataa, alisema Lagu.

— Huenda, alisema Phineas. Alikuwa tayari anaandika.

Aliandika barua ile akiegemea goti, na lori moja likamfanya akosee neno "Nimule" akalirudia. Hakutaja jina la Nyaruot. Aliandika tu kwamba baadhi ya wachezaji wake hawana hati za kusafiria kwa sababu zisizo kosa lao, na kwamba Chuo cha Nuru kinakubali kwa furaha ikiwa mechi zake zitachezwa Nimule. Kisha akakimbia. Watu wa Gumbo walikuwa hawajawahi kumwona mwalimu wa jiografia akikimbia barabarani na bahasha, na kuna waliodhani kuna moto.

Madam Jedidah aliisoma mara moja, akavua miwani.

— Uliliwaza hili peke yako?

— Kwenye benchi, Madam.

— Hm, alisema Madam, na kwa Madam hiyo ilikuwa hotuba. Akatia sahihi. Barua ikapigwa picha na kutumwa saa kumi kasorobo. Jibu lilikuja magharibi, wakati Achai akizima jiko: wikendi mbili za kwanza Nimule, ya tatu watajadiliana. Haikuwa kila alichokiomba. Phineas aliisoma wima pale barabarani, akampigia shangazi yake Nyaruot kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kesho yake, saa tisa kamili, wasichana wa Sayuni walivuka daraja kwa miguu, kwa sababu foleni ya malori ilikuwa imesimama tangu adhuhuri na gari lao lilikuwa katikati yake. Walikuja wamevaa fulana za rangi mchanganyiko; jezi waliziacha, maana jezi ni za mechi. Edrine alikuwa mbele yao, amenenepa kidogo kuliko pichani, akiwa amebeba kreti ya soda kichwani kama kijana wa duka.

Alifika mbele ya Phineas, akaitua. Walitazamana.

— Bado unakoroma? aliuliza Phineas.

— Mke wangu anasema imezidi.

— Mungu amsaidie.

Edrine alimpa mkono, Phineas akaupokea kwa mikono miwili. Kulikuwa na kazi. Hakukuwa na refa, kwa kuwa mazoezi hayana refa. Ubao wa matokeo uligeuzwa uso ukutani, kwa ajili ya mtu yeyote atakayeuliza. Lakini Gumbo nzima ilikuwa imesikia kuna mazoezi. Watu walikaa juu ya ukuta, juu ya boza la maji, juu ya paa la kibanda cha Semei, ambaye alikuwa akiwaomba wasikanyage upande wenye kutu. Achai alihamishia jiko lake kando ya mstari. Kahawa ilimwishia kabla ya robo ya kwanza kwisha, akafunga sinia, akasimama kutazama, mikono kiunoni.

Yalikuwa mazoezi ya kuvunja mbavu. Kapteni wa Sayuni, yule aliyekataa kula, alionekana amekula sasa; alimsukuma Nyaruot mara mbili chini ya goli lililoinamisha shingo, na Nyaruot akaamka mara mbili akicheka. Semei alikuwa akihesabu kwa sauti na akasema Nuru wanaongoza kwa tatu. Lagu naye alihesabu, akasema hapana, Sayuni kwa moja, na kwamba kuna mtu anazificha pointi za Nuru kwa maagizo kutoka juu. Watu wakawauliza makocha. Makocha wote wawili walisema hawajui, wao wanaangalia mazoezi tu; na wakati huo huo Phineas alikuwa amepoteza sauti kwa kupiga kelele na Edrine ameifinyanga kofia yake mikononi.

Dereva mmoja wa lori, Mkenya aliyetoka Mombasa na shehena ya vigae, alikuwa amezima injini kwa sababu foleni haikuelekea kokote. Alishuka, akapenya mpaka kando ya mstari, mbele ya makocha, akasimama kati ya Semei na mzee Lagu. Alitazama kwa muda. Aliona msichana mrefu akidaka mpira juu ya vichwa vya wenzake, akaona umati unainuka kwa pamoja, wa huku na wa ng'ambo, wote wanapiga makofi.

— Jamani, aliuliza, hii ni ligi gani?

Semei akamwangalia Lagu. Lagu, Balozi mwenyewe, alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kusema jambo refu, kisha akaitoa taratibu. Achai aliwageukia makocha, na makocha wakaangaliana.

— Subiri kwanza, kaka, Phineas alisema kwa sauti iliyokauka, akimsogeza dereva pembeni kwa mkono. Unanizibia. Nyaruot ana mpira.